Uvimbe wenye nywele na meno: Si uchawi, ni mbegu iliyopotea njia

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani)

Leo naomba tuzungumzie jambo linalonong'onwa sana barazani na kusemwa mara chache kwa sauti. Mwanamke anapelekwa hospitali kwa maumivu ya tumbo. Anapasuliwa. Daktari anakuta uvimbe, na ndani ya uvimbe huo mna fundo la nywele, mafuta mazito mfano wa samli iliyoganda, na pengine jino moja au mawili. Habari ya namna hiyo haikai wodini. Kabla mgonjwa hajazinduka sawasawa kutoka katika usingizi wa dawa, huko mtaani hukumu imekwisha kutolewa: karogwa. Mwingine anasema alilishwa kitu. Wa tatu, anayejihesabu kuwa na elimu kuwazidi wenzake, anasema ni mtoto aliyeharibikia tumboni. Na hapo ndipo yanapoanza maswali ya nani baba wa mtoto huyo.

Nilimfahamu binti mmoja wa mtaa niliokuwa nikikaa, ambaye yalimfika hayo. Madaktari waliutoa uvimbe salama, na kidonda chake kilipona kwa majuma machache. Maneno ndiyo yaliyochelewa kupona. Uchumba wake ulivunjwa, na wazee wa upande wa pili walitoa hoja moja tu: jino haliwezi kuota pasipo mimba.

Sitawacheka wazee hao. Hoja yao ina mantiki, na wanasayansi wenyewe walihangaika nayo kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1863 bingwa wa Kijerumani wa elimu ya magonjwa, Rudolf Virchow, aliuita uvimbe huu teratoma, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya zimwi au kioja. Mnaona basi kwamba hata wasomi wakubwa wa Ulaya walipoutazama walishikwa na mshangao. Lakini leo jibu lipo, nalo linaanzia siku ambazo hata mama mwenyewe hajawa na hakika kama ana mimba.

Hebu tulitazame tangu mwanzo. Kila mmoja wetu alianza kama seli moja, yai la mama lililokutana na mbegu ya baba. Seli hiyo ikagawanyika kuwa mbili, mbili zikawa nne, na kuendelea. Kufikia juma la tatu kiinitete hakijafikia hata urefu wa punje ya mchele, lakini kazi zimeanza kugawanywa. Seli za tabaka la nje zitakuwa ngozi, nywele na ubongo. Za tabaka la kati zitakuwa mifupa, misuli na damu. Za tabaka la ndani zitakuwa utumbo, ini na mapafu. Seli ikishapewa kazi yake, kwa kawaida hairudi nyuma. Seli ya ini haiamki siku moja ikaamua kuwa jicho.

Lakini liko kundi dogo la seli ambalo halipewi kazi yoyote kati ya hizo. Hizi ni seli za uzazi za mwanzo, ambazo miaka mingi baadaye zitatoa mayai ya mwanamke au mbegu za mwanamume. Mkulima yeyote ataelewa jambo hili. Mavuno yanapoingia nyumbani, kabla hayajaliwa wala kuuzwa, mbegu ya msimu ujao hutengwa pembeni, na hata njaa ikiingia haiguswi. Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Hutenga mbegu yake mapema, tena huiweka nje ya mwili wenyewe, katika ukuta wa kifuko kidogo kinachoning'inia tumboni mwa kiinitete, kiitwacho kifuko cha kiini.

Hapo pana jambo la ajabu. Mbegu imehifadhiwa nje, na shamba lake liko ndani. Mahali ambapo ovari au korodani zitajengeka ni kwenye matuta mawili madogo nyuma ya tumbo, kushoto na kulia kwa uti wa mgongo, karibu na figo. Kwa hiyo, kati ya juma la nne na la sita, seli hizi lazima zisafiri. Nazo husafiri kweli, zikitambaa zenyewe mfano wa amiba. Hupita katika ukuta wa utumbo mchanga, hupanda kwenye utando unaoushikilia utumbo huo, kisha hugawana njia, nyingine kushoto na nyingine kulia, hadi kwenye matuta yale. Njia nzima zinaongozwa na kemikali zinazotolewa na seli za jirani, ambazo zinaziita na wakati huo huo zinazipa uhai. Seli ikitoka nje ya njia na kuacha kupata kemikali hizo, hujiua yenyewe. Ndiyo sheria iliyowekwa: aliyepotea asibaki hai.

Kwa nini sheria iwe kali kiasi hicho? Kwa sababu seli hizi ni za hatari. Seli ya uzazi imebeba uwezo wa kujenga mtu mzima, pamoja na nywele zake, meno yake, mifupa yake na ubongo wake. Uwezo huo umefungiwa ndani yake kama moto ndani ya kiberiti. Ukiwaka mahali pake na kwa wakati wake, tunapata mtoto. Ukiwaka pengine, tunapata uvimbe wenye nywele na meno.

Mtaniuliza, haya yamejulikanaje, na ni nani aliyeingia ndani ya kiinitete akaona? Kisa kimoja kilianza na sigara. Mwaka 1953 kijana mmoja mtaalamu wa Kimarekani, Leroy Stevens, alikuwa akifanya kazi katika Maabara ya Jackson, mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine. Utafiti wake ulilipiwa na kampuni ya tumbaku, nayo ilitaka kujua ni kitu gani ndani ya sigara kinachodhuru, tumbaku yenyewe au karatasi yake. Katika kuwachunguza panya wake, Stevens aliona dume mmoja ana korodani iliyovimba. Alipoipasua akakuta mchanganyiko wa viungo vya kila aina. Panya huyo alikuwa wa ukoo unaoitwa 129, na Stevens alikuja kugundua kwamba karibu dume mmoja katika kila mia wa ukoo huo alikuwa na uvimbe kama ule. Habari ya sigara akaiacha. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kuufuatilia uvimbe huo kurudi nyuma, kutoka panya mzima hadi panya mchanga, kutoka panya mchanga hadi panya aliye tumboni.

Aliona kwamba akichukua yale matuta ya uzazi kutoka kwa panya ambaye hajazaliwa na kuyapandikiza ndani ya panya mkubwa, uvimbe unaota. Basi mwaka 1967 akafanya jaribio lililomaliza ubishi. Alitumia panya wenye hitilafu ya kuzaliwa, ambao matuta yao yapo lakini seli za uzazi hazimo. Alipoyapandikiza matuta hayo matupu, uvimbe haukuota. Ikathibitika kwamba chanzo cha uvimbe ule ni seli ya uzazi.

Wamarekani wengine wawili, Kleinsmith na Pierce, walikuwa wameonyesha mwaka 1964 kwamba seli moja tu ya kansa ya aina hii, ikipandikizwa peke yake ndani ya panya, inaweza kuzaa mfupa, ngozi, misuli na neva. Na mwaka 1975 Beatrice Mintz na Karl Illmensee walitangaza jambo la kushangaza zaidi. Walichukua seli za kansa hiyo na kuziingiza katika kiinitete kichanga cha panya. Walizaliwa panya wazima, ambao sehemu ya miili yao ilitokana na zile seli za kansa. Seli iliyokuwa ikiua, iliporudishwa nyumbani kwake na kusikia sauti za jirani zake wa zamani, iliacha ukorofi na kufanya kazi.

Naam, sasa tunaweza kurudi kwa binadamu. Kwa mtazamo wangu, habari yote hii inaeleweka vizuri ukiigawa katika ajali tatu zinazoweza kumpata msafiri wetu. Ya kwanza ni kupotea njiani. Ya pili ni kufika salama, kisha kuanza kazi peke yake kabla ya kuruhusiwa. Ya tatu ni kufika na kukataa kukua.

Tuanze na aliyepotea njiani. Nimesema kwamba seli iliyopotea hujiua. Mara chache sana mojawapo haifanyi hivyo, ikabaki ilipo, imelala. Ukichora mstari wa katikati ya mwili kutoka kichwani hadi kwenye kifandugu, utakuta kwamba uvimbe wa aina hii unaoota nje ya ovari na korodani karibu wote unakaa juu ya mstari huo. Upo wa ndani ya ubongo, jirani na tezi ya pineali, ambao huwapata zaidi vijana wa kiume na unaonekana zaidi Japani na nchi za jirani yake kuliko Ulaya. Upo wa kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari. Upo wa nyuma ya tumbo. Na upo wa kwenye kifandugu, ambao mtoto huzaliwa nao, pengine mkubwa kama embe, pengine mkubwa kuliko kichwa chake.

Huu wa kifandugu humpata mtoto mmoja kati ya watoto 35,000 hadi 40,000 hivi wanaozaliwa, na wasichana hupatwa mara tatu au zaidi kuliko wavulana. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba baadhi yake hautokani na seli za uzazi zilizopotea, bali na seli nyingine za mwanzo zilizobaki bila kupewa kazi. Wote hata hivyo wanakubaliana kwamba chanzo chake ni majuma ya kwanza kabisa ya mimba. Mama hakuvunja mwiko. Hakula kilichokatazwa. Hakuna aliyemtazama vibaya.

Nasema haya kwa mkazo kwa sababu muda hapa ni uhai. Mtoto anapozaliwa, mara nyingi uvimbe huo bado si kansa. Ukikatwa katika siku au majuma yake ya kwanza, pamoja na mfupa wa kifandugu wenyewe ili usiote tena, watoto wengi sana hupona kabisa. Ukiachwa kwa miezi, hatari ya kugeuka kansa huongezeka. Familia inayotumia miezi hiyo kumzungusha mtoto kwa waganga, ikimtafuta jirani aliyefanya hayo, inatumia muda ambao ni mali ya mtoto.

Ajali ya pili ndiyo ile ya mwanamke niliyeanza naye. Hapa msafiri hakupotea. Alifika kwenye ovari salama, akaongezeka pamoja na wenzake. Mtoto wa kike akiwa na miezi mitano tumboni mwa mama yake anakuwa na mayai machanga yapatayo milioni sita hadi saba. Akizaliwa yamebaki milioni moja au mbili, na akivunja ungo yamebaki laki tatu au nne. Mayai hayo yameanza kugawanyika, yakasimama katikati ya kazi, yakisubiri. Mengine husubiri miaka kumi na mitano, mengine arobaini. Yai likipevuka, sharti likutane na mbegu ya mwanamume ndipo lijenge kiumbe.

Mara nyingine yai moja halisubiri. Linaanza kugawanyika lenyewe, ndani ya ovari, bila mwanamume kuhusika kwa namna yoyote. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, Linder na wenzake, walilinganisha alama za urithi za wanawake wenye uvimbe wa namna hii na alama za uvimbe wenyewe. Waliyoyaona yalionyesha kwamba uvimbe umetokana na yai la mwanamke huyo huyo lililokwisha kupita hatua ya kwanza ya mgawanyiko wake. Kromosomu zake ni 46, zote za kwake mwenyewe. Hamna ndani yake urithi wa mwanamume yeyote.

Hilo ndilo jibu la hoja ya wazee. Jino limeota, na mimba haikuwapo. Bikira anaweza kuwa nao. Mtawa anaweza kuwa nao. Uvimbe huu, ambao madaktari huuita demoidi, si kitu adimu hata kidogo. Ni mmoja kati ya aina za uvimbe wa ovari zinazoonekana mara nyingi zaidi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mwingine atauliza: kama yai linaweza kuanza peke yake, mbona halimalizi likawa mtoto? Jibu la swali hilo lina mkono wa mtu wa kwetu. Azim Surani alizaliwa Kisumu, Kenya, mwaka 1945, akaenda Uingereza na kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya viinitete katika Cambridge. Mwaka 1984 yeye na wenzake walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba urithi wa mama peke yake hautoshi kujenga kiumbe kamili, wala wa baba peke yake. Ipo mihuri fulani ambayo baba huiweka juu ya urithi wake, na mingine ambayo mama huiweka juu ya wake, na pasipo yote miwili mimba haifiki. Ule wa baba unahitajika hasa katika kujenga kondo la nyuma. Surani huyo huyo aliendelea kuzichunguza seli za uzazi za mwanzo, na mwaka 2015 kundi lake, pamoja na wenzao wa Israeli, lilieleza jinsi lilivyotengeneza katika maabara seli zinazofanana na zile za binadamu. Kwa hiyo safari inayofanyika ndani ya kiinitete kidogo kuliko punje ya mchele, ambayo hakuna jicho linaloweza kuifuata, sasa mwanzo wake unaweza kuchunguzwa ndani ya kisahani cha maabara.

Demoidi kwa sehemu kubwa si kansa. Katika kila wanawake mia wenye uvimbe huu, ni mmoja au wawili tu ambao wao hugeuka kuwa kansa, na kwa kawaida ni wa umri mkubwa. Mmoja kati ya kumi hivi huwa nao pande zote mbili. Hatari yake ya karibu ni kujipinda: ovari iliyolemewa na uvimbe inajizungusha kwenye shina lake, damu inakatika, na mwanamke anashikwa na maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, pamoja na kutapika. Hiyo ni dharura. Si ya kukandwa kwa maji ya moto wala kusubiri asubuhi.

Sasa nije kwenye ajali ya tatu, na hapa naomba akina kaka na akina baba waongeze sauti ya redio. Msafiri amefika kwenye korodani, lakini amekataa kukua. Wenzake wanabadilika na kuwa seli zitakazotoa mbegu za kiume. Yeye amebaki na sura ile ile ya utotoni. Mwaka 1972 daktari wa Copenhagen, Denmark, Niels Skakkebæk, aliona seli za namna hiyo katika vipande vya korodani vya wanaume waliokwenda hospitali kwa sababu hawapati watoto. Baadaye baadhi ya wanaume hao walipata kansa. Seli hizo zilifanana mno na seli za uzazi za mtoto aliye tumboni, na leo inakubalika kwamba kansa nyingi za korodani za vijana hutokana nazo. Zimelala tangu kabla ya kuzaliwa, na huamka homoni za balehe zinapofika. Ndiyo sababu kansa hii huwapata hasa wanaume wa kati ya miaka 15 na 40, umri ambao mtu hajafikiria kifo.

Ni kweli kwamba sisi Waafrika hupatwa nayo mara chache kuliko watu wa Denmark na Norway. Lakini uchache wake una hatari yake, maana hakuna anayeitarajia. Na huku pwani yetu tuna jambo jingine linaloificha. Mfuko wa korodani ukivimba, neno la kwanza linalotamkwa ni busha. Mara nyingi ni busha kweli, kwa kuwa minyoo ya matende wanaoenezwa na mbu wametusumbua karne na karne. Lakini busha ni maji, na daktari akiliangaza kwa tochi mwanga hupenya. Uvimbe mgumu, usiouma, ulioshikana na korodani yenyewe, hauruhusu mwanga kupenya, na mtu mwenye uvimbe huo hapaswi kusubiri foleni ya upasuaji wa mabusha. Aombe ultrasaundi na kipimo cha damu. Wala asikubali kuchomwa sindano wala kuchanjwa wembe pale chini. Kansa hii hutolewa kwa kupasua kinenani, ili isisambazwe.

Kina mama nao wana sehemu yao. Mvulana ambaye korodani yake haijashuka ana hatari kubwa zaidi ya kupata kansa hii ukubwani. Mwogesheni mtoto na mtazame. Akifika miezi sita na moja haijashuka, mpelekeni hospitali. Madaktari hupendelea kumpasua kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Utafiti wa Sweden uliotolewa mwaka 2007 ulifuatilia wanaume karibu 17,000 waliopasuliwa kwa tatizo hilo. Waliopasuliwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari kama mara mbili ya watu wengine. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo, zaidi ya mara tano.

Nimeeleza chanzo kwa urefu, na huenda mtu anasema moyoni: chanzo kitamsaidia nini mgonjwa? Kinamsaidia sana. Kwa kuwa seli hizi zimebaki na tabia za kiinitete, zinajisema zenyewe ndani ya damu. Gunnar Teilum, mtaalamu mwingine wa Copenhagen, alionyesha mwaka 1959 kwamba aina fulani ya uvimbe huu inaiga kile kifuko cha kiini nilichokitaja. Kifuko hicho hutoa protini ambayo mtu mzima mwenye afya huwa nayo kidogo mno, na uvimbe huo nao huitoa. Aina nyingine inaiga kondo la nyuma na kutoa homoni ya ujauzito, kiasi kwamba mwanamume mwenye uvimbe huo anaweza kupimwa mkojo kwa kipimo cha mimba kikaonyesha kuwa ni mjamzito. Msicheke. Kwa vipimo hivyo daktari anajua uvimbe upo, na baada ya matibabu anajua kama umekwisha.

Tena zimebaki na ile tabia ya kujiua zikidhurika. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Michigan, akichunguza bakteria kwa umeme, aliona kwamba madini ya platini yanazuia seli kugawanyika. Hapo ndipo ilipopatikana dawa iitwayo sisplatini. Mwaka 1974 Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana alianza kuichanganya na dawa nyingine mbili kwa vijana ambao kansa ya korodani ilikwisha kusambaa hadi mapafuni. Kabla ya hapo, katika vijana kumi wa namna hiyo aliyepona alikuwa mmoja hivi. Leo, hata ikiwa imesambaa, wanane hivi katika kumi hupona; na ikigunduliwa mapema, zaidi ya 95 katika kila mia. Kansa chache sana za watu wazima zinaweza kujivunia hesabu kama hiyo.

Wapenzi wa soka wanaye shahidi. Julai 2022 Sébastien Haller, mshambuliaji wa Ivory Coast, alikuwa ndiyo kwanza amesajiliwa na Borussia Dortmund ya Ujerumani alipogunduliwa uvimbe wa korodani. Alipasuliwa mara mbili na kupewa dawa. Januari 2023 alirudi uwanjani, na bao lake la kwanza la ligi kwa Dortmund alilifunga tarehe 4 Februari, ambayo ni Siku ya Kansa Duniani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Februari 2024 mjini Abidjan, ni yeye aliyefunga bao la pili lililoipa nchi yake Kombe la Mataifa ya Afrika mbele ya Nigeria. Mwanamume huyo hakuficha. Alitaja ugonjwa wake mbele ya dunia nzima, na hakuna aliyemvua uanaume wake.

Dawa ya sisplatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na elimu ya kuitumia ipo huku huku kwetu, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road Dar es Salaam, Hospitali ya Kenyatta Nairobi na Taasisi ya Kansa ya Uganda pale Mulago. Najua gharama na umbali ni vikwazo vya kweli, na serikali zetu zina deni hapo. Lakini aibu haina bei, na kuiacha hakuhitaji bajeti ya wizara.

Kwa hiyo, kijana, unapooga jipapase mara moja kwa mwezi. Ukikuta pagumu, nenda hospitali juma hilo hilo. Binti, tumbo likiuma upande mmoja bila kukoma, usikae nalo. Nanyi mnaopokea habari kutoka wodini, iwapo mtasikia kwamba fulani katolewa uvimbe wenye meno, mwambieni pole na mpelekeeni uji. Kilichomfika kilianza kabla hajazaliwa, na hakuna mtu wa kulaumiwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Wakaongeza, mficha maradhi kifo humuumbua.

Hadi juma lijalo, nawatakieni afya njema.